Sura ya Orpa kwenye Simu za Watu

Likasi unaweza kumtukana mtu leo na kesho mkanywa munkoyo kwenye kikombe kimoja. Unaweza kumwambia jirani kwamba bukari yake, ugali wetu wa hapa, ina mabonge, akakununia, halafu yakaisha. Lakini mguse Béa Kilimba! Sema tu kwamba wimbo wake mpya haukukupendeza, uone watakavyokushukia. Watu ambao hawajawahi kumwona hata kwa mbali, ambao Béa mwenyewe hana habari kama wamezaliwa, watakutoa roho mchana kweupe. Orpa aliyajua hayo kuliko mtu yeyote, maana wazimu huo aliuanzisha yeye mwenyewe.

Orpa alikuwa msusi. Kibanda chake kilikuwa pembeni mwa soko la Kikula: viti viwili vya plastiki, kioo, na spika ndogo iliyoimba nyimbo za Béa tangu asubuhi hadi anafunga. Alimpenda tangu shule, siku zile Béa anaimba kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga, hana jina, sura yake nyeusi imejaa kwenye skrini bila kumwomba mtu ruhusa. Kulikuwa na wimbo wake mmoja juu ya wanawake wanaoosha mawe ya shaba kule Kamatanda. Orpa aliusikia akasema, huyu ananijua. Akakusanya marafiki, wakafungua kundi la WhatsApp, wakaliita Famille Kilimba ya Likasi.

Na msidhani neno hilo Famille, yaani familia, lilikuwa la mapambo. Sisi hapa kitu kikianza kwa muziki lazima kifike mpaka kilioni. Mtu wa kundi akioa, wanakuja. Akifiwa, wanakuja wote, wamevaa kikwembe kimoja, kitenge kile cha kijani chenye sura ya Béa ndani ya maduara meupe. Mgeni atashangaa kuona watu wanaomboleza mbele ya sanduku la maiti huku mwanamuziki anatabasamu kwenye mabega yao. Sisi hatushangai. Sare inasema hukuachwa peke yako. Baba yake Orpa alipofariki, mwaka juzi, kijani hicho kilijaa barabara nzima mbele ya nyumba yao, na Constantin, président wa Famille, alikuwa miongoni mwa waliobeba sanduku.

Sasa basi, Béa akatoa wimbo mpya. Famille yote ikapiga vigelegele kabla hata hawajausikiliza mpaka mwisho. Orpa aliusikiliza mara ya kwanza, hakupiga. Akautazama tena kwenye video. Sauti ilikuwa imepitishwa kwenye mashine mpaka ikawa haina koo. Na ile sura! Weupe tupu, laini, haina hata kistari kimoja cha mtu aliyewahi kucheka. Kilichomuuma hakikuwa hasira, kilikuwa huzuni, kama mtu aliyepishana na dada yake njiani asimsalimie. Akashika simu, akarekodi, akatuma kwenye kundi.

"Famille, bonjour. Minye nawaambia ya roho yangu. Hii chanson haiko ya Béa. Na ile sura haiko yake, bamemupaka mweupe sawa sahani. Béa yetu alikuwa muzuri na sura ya kwabo. Nani alimwambia haitoshi?"

Mama wee! Simu ilianza kutetemeka mezani kama inataka kushuka yenyewe. Msaliti. Mchawi. Tangu lini msusi anajua muziki. Lakini aliyewasha moto wenyewe alikuwa Tina.

Tina hakuwa na muda mrefu ndani ya kundi. Alikuwa amekaa Kakanda miaka kadhaa akiuza krimu za kung'arisha ngozi na nywele za kuvaa, akarudi Likasi kumwuguza baba yake. Mdomo wake hauna breki, na picha zake kwenye simu zilikuwa za kumeremeta, kila siku mpya, kope ndefu, mashavu ya rangi ya chai ya maziwa. Sasa mtu anayeuza krimu za weupe anasikia vocal ya mwenzake inasema nani alimwambia haitoshi. Orpa hakuwa anamfikiria Tina hata kidogo. Tina alisikia ametajwa jina.

"Weye Orpa," alijibu, "sema tu uko na wivu. Béa anapendeza, weye kioo inakukimbia."

Watu wakacheka. Angeishia hapo, yangeisha. Lakini Tina akaingia kwenye Facebook, akapekua picha za Orpa za zamani, akapata moja aliyoitaka: Orpa amefumba macho, mdomo wazi mpaka nyuma, machozi na kamasi, paji la uso lake kubwa linang'aa juani. Begani ile sare ya kijani, sura ya Béa inatabasamu. Tina akasema moyoni, ah, hii ni ile konseti ya Lubumbashi, si nasikia walilia kama watoto? Akaikata, akabakiza sura na kitambaa cha kichwani tu, akaandika juu yake NALIA JU YA BÉA, akaifanya stika. Kosa hilo lisingewezekana mji mwingine. Mji mwingine watu hawavai sare ya mwanamuziki kwenda kuzika.

Orpa aliiona mara ya kwanza kwenye simu ya mteja wake. Mama huyo alikuwa amekaa kitini, kichwa nusu kimesukwa, anacheka mpaka mikono ya Orpa ikawa inapoteza mistari.

"Angalia, yaya, dada yangu," alisema akiinua simu, "huyu eko nalia sawa mbuzi!"

Orpa akaangalia. Mama naye akamwangalia Orpa, akaangalia simu, akamwangalia tena Orpa. Kicheko kikamwishia mdomoni.

"Haiko weye?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ni minye," alisema Orpa. "Inamisha kichwa nimalize."

Alimaliza. Alisuka mistari yote mpaka wa mwisho, sawasawa, hakukosea. Mteja alipoondoka ndipo alipoketi. Alijua picha ile ilipigwa wapi. Ilikuwa dakika ile wanainua sanduku la baba yake.

Stika haikukaa ndani ya kundi. Stika haikai. Vijana wa pikipiki wakaipata, kwaya ya kanisani ikaipata, wakaitumia kwa kila kitu: umeme ukikatika, Orpa analia, timu ikifungwa, Orpa analia, mvua ikinyesha siku ya harusi, Orpa analia. Likasi ina watu wengi lakini haina watu wengi kiasi hicho. Akipita sokoni aliona mtu anamtupia jicho, halafu jicho linarudi kwenye simu kuhakikisha.

Basi akaanza kujificha. Mtu ambaye hakuwahi kujifikiria sura yake zaidi ya kuipaka mafuta asubuhi, sasa alikuwa anasimama mbele ya kioo cha kazini anafungua mdomo na kuufunga, kuona upana wake. Aliliona paji lake la uso kama vile limeletwa jana. Akavaa cache-nez, barakoa ya kitambaa, siku nzima, akisema ni vumbi la nywele. Wateja wakaitikia, eh, vumbi. Alikuwa na aibu, na zaidi ya aibu alijichukia kwa kuwa na aibu.

Jioni moja, jua bado liko, alimkuta mama yake amekaa kizingitini na simu mkononi. Mama Adrienne hakuwa mtu wa simu. Ile alipewa na watoto apate kusikiliza mahubiri.

"Mama Simone wa kanisani amenitumia hii," alisema. "Alifikiri itanichekesha. Hakutambua ni weye."

Orpa aliketi kando yake.

"Hiki kitambaa cheusi ku kichwa, minye njo nilikufunga. Asubuhi ile." Mama aligusa skrini kwa kidole, polepole. "Banacheka siku ya kuzika baba yako."

Sauti yake haikupanda. Angepiga kelele ingekuwa afadhali. Alisema tu kwamba Orpa atoke kwenye lile kundi kabla usiku haujafika, na aende kwa huyo Tina amwambie picha ni ya nini, aone haya.

"Sitoki," alisema Orpa, na alijishangaa jinsi neno lilivyotoka gumu. "Na simwambii."

"Juu ya nini?"

"Nikimwambia, ataiacha kwa kumuhurumia baba. Minye nataka aiache kwa sababu ni sura yangu. Hata ningekuwa nalia ju ya konseti kweli, ni yangu."

Mama yake akatikisa kichwa. "Weye uko na kichwa nguvu sawa baba yako," alisema, na haikuwa wazi kama analaumu au anasifu.

Kesho yake Orpa aliiacha ile cache-nez nyumbani. Kabla ya kufungua kibanda alisimama juani, akajipiga picha, hakupaka kitu, hakulainisha kitu, paji la uso lote ndani, akaiweka kwenye status yake ya WhatsApp bila neno. Kesho yake tena. Na kesho yake. Walimtumia vicheko, walimtumia ile stika, wengine walimwuliza kama amechanganyikiwa. Hakumjibu mtu. Kila akibonyeza aliogopa, sitawadanganya, lakini alibonyeza. Akijikaza vile asubuhi, mchana unapita.

Ndipo Constantin alipokuja kibandani. Alikuwa karani wa ofisi moja mjini, shati limepigwa pasi, mtu mpole anayependa kila jambo limalizike bila kelele. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akakohoa.

"Orpa, weye njo mama ya hii Famille. Minye nakuomba vocal moja tu. Useme ulikosa, Béa ni Béa, basi. Nitabaambia bote baache ile stika."

"Nilikosa nini?"

"Ile mambo ya chanson."

"Chanson iko mubaya, Constantin."

"Hata kama! Sema tu. Ni maneno."

"Ni maneno, lakini ni yangu," alisema Orpa, akaendelea kuchambua nywele za bandia. Alikuwa anamtazama usoni akisubiri. Mtu huyu alibeba sanduku la baba. Bega lake lilikuwa karibu na mdomo ule ule uliofunguka. Je, kweli hajui? Akangoja aone kama macho yake yatakwepa. Hayakukwepa. Constantin hakujua. Alimfariji mbele ya jeneza, halafu akaicheka sura hiyo hiyo kwenye simu bila kutambua kwamba ni ya siku ile, na hilo lilimuuma Orpa kuliko stika yenyewe. Nusu ya Famille ilikuwepo siku ile! Watu wanaangalia simu mpaka hawaoni.

"Kama hutaki pardon," alisema Constantin akiinuka, amekasirika sasa kwa upole wake, "basi usivae tena kikwembe cha Famille. Bantu njo banasema vile."

"Waambie waje wanivue," alijibu Orpa.

Mambo yalikuwa yamefika hapo, kila mtu amekaza upande wake, wakati baba yake Tina alipofariki. Alikuwa mstaafu, mzee wa watu, ameugua kwa muda mrefu kwenye nyumba yao kule Panda. Constantin akaandika kwenye kundi: Famille, malheur, baba ya Tina ametutoka, kesho tunakutana pa kona tuingie pamoja, bikwembe vya kijani.

Majibu yakaanza kumiminika. Mishumaa. Mikono iliyokunjwa. Misalaba. Sasa, kundini kulikuwa na mzee mmoja, papa Léon, mpenzi mkubwa wa Béa, ambaye kwake stika zote ni picha tu, hajui ipi ni ya dharau na ipi ni ya heshima. Alitafuta kwenye simu yake picha ya mtu anayelia kwa uchungu wa kweli. Akaipata. Wakati huo kuna mtu alikuwa ameshayafuta yale maandishi ya juu, imebaki sura tupu. Papa Léon akaituma kwa moyo safi, na chini yake akaandika: pole sana mutoto yangu.

Walioona mzee ameituma wakafuata. Wengine hawakufikiri, wengine walifikiri kumbe ndiyo stika ya kulia ya Famille. Kabla ya saa kupita, kwenye simu ya Tina, Orpa alikuwa anamlilia baba yake Tina, sura baada ya sura, kutoka juu hadi chini.

Orpa aliyaona hayo akiwa kibandani. Kwanza alicheka. Alicheka peke yake mpaka muuza nyanya wa jirani akachungulia. Halafu kicheko kikakatika, akaitazama ile sura tena, na kwa mara ya kwanza tangu yaanze hakuiona mbaya. Mdomo ule ulifunguka kwa sababu ya baba. Hapa ulikuwa unafanya kazi yake. Sura yangu imetangulia kilioni, aliwaza, na mwenyewe nibaki hapa kufanya nini?

Akafunga kibanda. Nyumbani akatoa kikwembe cha kijani, akakinyoosha.

"Unaenda kwa ule muntu aliyekufanya kichekesho?" aliuliza Mama Adrienne. "Unaenda na sura gani?"

"Ile ile, mama. Siko na ingine."

Kesho yake mchana Famille ilikuwa imekusanyika pa kona, kijani kitupu. Orpa alipotokea, mazungumzo yalikatika. Wengine walitazama chini, mmoja alificha tabasamu kwa kiganja. Miguu ya Orpa ilitaka kurudi. Aliisikia kabisa inataka kurudi. Constantin akamjia haraka.

"Orpa, haiko muzuri. Tulisemaje juu ya kikwembe? Na weye na Tina hamusikilizani."

"Aliyekufa ni baba ya Tina, haiko Béa," alisema Orpa. "Tangulia, ama unipishe."

Constantin akapisha. Wakaingia wakiimba wimbo wa kanisa, Orpa katikati.

Wanaume walikuwa nje chini ya turubai kwenye viti vya kukodi. Ndani, sebule ilikuwa imetolewa makochi yote, wanawake wameketi chini kwenye mikeka, na katikati, juu ya godoro, Tina. Kwetu mfiwa hajipambi. Nywele za bandia zilikuwa zimevuliwa, kope hazipo, kichwani zimebaki nywele zake fupi zilizonyonyoka kando. Mashavu yalikuwa na mabaka, mekundu hapa, meusi pale, jinsi zile krimu zinavyowafanya watu. Hakuna aliyewahi kuiona sura hiyo kwenye simu. Na Orpa, kwa sekunde moja, nasema kweli, alifurahi. Halafu akaona haya mpaka masikio yakamwaka.

Tina alipowaona Famille wanaingia, akaanza kulia upya. Akainua kichwa, akafumba macho, mdomo ukafunguka mpaka nyuma.

Pembeni ya Orpa, binti mmoja wa kundi, Jaël, akainua simu.

Orpa aliiona simu, akauona mdomo, akakumbuka. Akajitupa mbele, akasimama kati ya simu na godoro.

"Jaël, shusha."

"Ni souvenir, yaya. Ya kutuma ku groupe, kwa bale hawakuweza kuja."

"Najua souvenir. Minye niko souvenir ya Likasi nzima. Shusha!"

Alisema kwa sauti ya kugomba, humo kilioni, akina mama wakageuka. Jaël akashusha. Orpa akapiga magoti kwenye godoro, akamvuta Tina, akakificha kichwa chake begani mwake. Tina hakuangalia ni nani. Alimng'ang'ania kama mtu anayezama, akalia humo ndani ya kijani mpaka pumzi ikamrudia. Ndipo alipoinua uso.

"Weye?"

"Ni minye. Pole, Tina. Pole kwa baba."

Tina alimwangalia. Kisha akawaangalia wengine waliojipanga ukutani, wanalia, kila mmoja na Béa anayetabasamu begani. Akageuka tena kwenye bega la Orpa, palepale kwenye duara jeupe lililolowa machozi yake mwenyewe. Orpa aliona anavyoelewa, polepole, kitu baada ya kitu.

"Ile photo," alisema Tina. "Ile yako. Haikukuwa ku konseti?"

"Ilikuwa mbele ya nyumba yetu. Baba alikuwa mu sanduku."

Tina akaacha kulia kabisa. Akaita kwa nguvu, "Constantin!" na yule président akaja mpaka mlangoni, hajui afanye nini na mikono yake.

"Ulikuwa ku kilio ya baba yake?"

"Nilikuwa," alisema Constantin.

"Nani tena alikuwa?"

Wanawake wa kijani walikuwa wanaitazama mikeka.

"Minye nilikuwa Kakanda, sikujua," alisema Tina. "Nilifanya ubaya, lakini sikujua. Nyinyi mulibeba sanduku ya baba yake! Mulimushika mikono! Kisha mukacheka?"

"Sikuitambua," alisema Constantin. "Nakuapia, Orpa. Sikuitambua."

Hakuwa anadanganya, na ndiyo maana hakuna aliyeweza kumsaidia. Mmoja baada ya mwingine walikuwa wanakumbuka: ile asubuhi, lile vumbi, mama Adrienne ameshikwa huku na huku. Jaël akaanza kulia, na safari hii hakuwa analia kwa ajili ya mzee wa nyumba ile.

"Juu ya nini haukusema?" Tina alimwuliza Orpa.

"Nilitaka muache bila kunihurumia."

Tina akapangusa pua kwa mgongo wa mkono. "Nitawaambia bote. Nitasema minye njo nilifanya. Na nitasema hata ku ile chanson uko na haki, iko mubaya."

"Unaiona mubaya?"

Tina akasita. Macho yakajaa tena. "Hapana. Iko muzuri sana. Baba alikuwa anaipenda. Nilikuwa namuwekea asubuhi, anapiga vidole ku kitanda. Hakuweza tena kusema, lakini vidole alipiga."

Orpa hakuwa amelifikiria hilo. Alikuwa amefikiri kwamba wote wanaoupenda wimbo ule wanaupenda kwa ujinga. Akaona vidole vya mzee kwenye shuka, akaumia, akamshika Tina mkono. Lakini hakumwambia kwamba wimbo ni mzuri. Angemwambia hivyo angekuwa amefanya jambo lile lile alilokataa kufanyiwa.

"Basi usiseme uongo juu yangu," alisema. "Ipende. Minye siipendi. Sema tu juu ya sura."

Tina akajiweka sawa kwenye godoro. Akasukuma nyuma kitambaa walichomfunika, sura ikabaki wazi, mabaka na yote, nywele fupi na zote.

"Jaël, leta telefone," alisema. "Sasa chukua."

Jaël akawatazama wote wawili. Orpa akatikisa kichwa kukubali. Jaël akainua simu.

"Minye ni Tina," alisema Tina, akiitazama simu moja kwa moja. "Hii njo sura yangu, mutazame muzuri. Na ile mulikuwa munacheka, ni sura ya mutoto eko nalia baba yake. Minye njo niliifanya stika, minye njo nilikosa. Kila muntu eko nayo, aifute. Haiko yetu." Hapo ule mdomo wake usio na breki ukamrudia. "Lakini chanson ya Béa iko muzuri!"

Video hiyo ilizunguka Likasi yote, ikafika Mulungwishi na Kakanda, na waliokuwa na ile stika wengi wakaifuta. Ukiisikiliza mpaka mwisho, kabla haijakatika, utamsikia mtu nyuma ya simu, sauti nzito ya kulia, anajibu bila kuomba radhi kwa mtu: "Iko mubaya, Tina."